Nani Apewe Shamba? Ugomvi wa Ardhi Katika Vijiji vya Ayalandi

Aliye na daftari na alifungue, na aliye na ramani ya Ulaya atafute kisiwa kilicho upande wa magharibi wa Uingereza. Hicho ndicho kisiwa cha Ayalandi.

Labda umekwisha kusikia habari za makabaila wa huko na wakulima waliofukuzwa mashambani. Habari hizo tutazipita upesi. Leo nataka usikie ugomvi wa namna nyingine, yaani ugomvi wa mkulima na jirani yake, juu ya kugawana ardhi kwa haki.

Zamani, katika wilaya za magharibi, wakulima wa kijiji kimoja walikodi ardhi kwa pamoja. Basi, wagawane vipi? Penye rutuba ni padogo, penye mawe ni pengi, na penye majimaji hapafai kitu. Wakaona haki ni kila mtu apate kipande kidogo cha kila namna. Nami nasema waliona vema. Lakini baba alipokufa, wanawe walivigawa vipande vile tena, na wajukuu wakavigawa tena. Mwaka 1845 kabaila mmoja wa Gweedore, katika wilaya ya Donegal, jina lake Lord George Hill, aliandika kwamba kishamba kimoja cha nusu eka kilikuwa na wenyewe 26. Tena alitaja mtu mmoja aliyekuwa na vipande mahali 32. Mtu yule alishindwa kujua vyake ni vipi, akaviacha vyote.

Bwana Hill tumsikilize kwa hadhari, maana yeye ndiye aliyetaka kuuvunja utaratibu ule. Alimpa kila mkulima shamba moja lililo pamoja. Wengi walimpinga, kwa kuwa nyumba zilizokaribiana zilitawanyika. Na baadaye malisho ya mlimani, waliyoyatumia wote, yalikodishwa kwa wafuga kondoo wageni.

Mwaka huo huo wa 1845 ugonjwa uliingia katika viazi, chakula cha maskini. Ikaja njaa kubwa. Watu kama milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni waliihama nchi. Mwaka 1879 Michael Davitt, ambaye jamaa zake walifukuzwa shambani alipokuwa mtoto, alianzisha chama cha kutetea wakulima. Serikali ikatunga sheria moja baada ya nyingine. Ile ya mwaka 1903 iliwakopesha wakulima fedha wanunue mashamba, wazilipe kidogo kidogo kwa miaka 68 na nusu.

Sasa sikiliza vizuri. Sheria hizo zilimpa mpangaji shamba lile lile alilokuwa akilikodi. Mwenye kukodi eka 200 alinunua eka 200. Mwenye kukodi eka 5 za mawe alinunua eka 5 za mawe. Asiyekodi kitu hakupata kitu. Kabaila aliondoka, lakini njaa ya ardhi ilibaki pale pale.

Kati ya mwaka 1906 na 1909 vijana walikuwa wakiingia usiku katika malisho makubwa, wakiwaswaga ng'ombe na kuwaacha njiani mbali, ili mwenye ng'ombe achoke, aiachie ardhi igawanywe. Na wenye ng'ombe hawakuwa mabwana wa Kiingereza tu. Wengine walikuwa Waayalandi wenye maduka katika mji wa karibu.

Mwaka 1920, Waayalandi walipokuwa wakipigania uhuru, waliunda mahakama zao wenyewe. Mjini Ballinrobe, katika wilaya ya Mayo, wakulima maskini walidai shamba la watu wawili ligawanywe. Mahakimu, mmoja wao Kevin O'Shiel, waliamua kwamba wale wawili waachiwe shamba lao. Wadai wakakataa kutii. Ndipo askari wa upande wao wenyewe wakawakamata, wakawaweka kisiwani katikati ya ziwa. Waliokuwa na mashamba walistaajabu. Walidhani mahakama ya wapigania uhuru itampa ardhi kila mwenye kelele.

Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1923 iliipa Tume ya Ardhi nguvu ya kununua mashamba makubwa hata mwenyewe asipotaka. Ikaja taabu ya kuchagua. Aanze nani? Mchungaji aliyepoteza kazi shamba lilipogawanywa? Jirani mwenye eka chache? Aliyefukuzwa zamani? Au kijana asiye na kitu?

Mwaka 1935 Tume ilizihamisha jamaa 27 kutoka Connemara, nchi ya mawe, ikazipeleka Ráth Chairn, katika wilaya ya Meath yenye majani mazuri. Kila jamaa ilipewa nyumba na eka kama 22. Walisema Kiayalandi, na wenyeji walisema Kiingereza. Maskini wa Meath waliona uchungu: ardhi iliyo mbele ya macho yao wamepewa watu wa mbali! Hata hivyo wageni walikaa, na lugha yao husemwa huko mpaka leo. Tume yenyewe ilifungwa mwaka 1999.

Sasa, kiongozi wa darasa, waulize wenzako: kama wewe ungekuwa ofisa wa Tume pale Meath, ungempa nani shamba kwanza, na yule uliyemnyima ungemwambia nini? Kila mmoja aandike jibu lake kwa sentensi tano.