Sifa kapewa nani? Nanotyubu, chuma na ripoti yangu ya maabara

Haya wadau, nipo hai. Najua nimepotea wiki mbili, maabara imenibana kisawasawa. Alhamisi tumerudishiwa ripoti ya kupima chuma kwenye maji, mwenzenu nimeambulia 9 kati ya 20. Chini mwalimu kaandika kwa kalamu nyekundu: "Kipimo cha kulinganishia kiko wapi?" Yaani sikupitisha maji safi kwenye hatua zilezile, na kumbe chupa zangu zenyewe zilikuwa na chuma. Nilinuna kweli. Nikajichimbia maktaba, nikakutana na kisa kilichonimaliza kinyongo chote.

Tuanzie 1962. Marekani, kule Alabama, Leland Clark na mwenzake Champ Lyons walitoa wazo la kupima sukari ya damu kwa umeme. Kimeng'enya kinachokula glukosi kinawekwa juu ya elektrodi. Kikila sukari kinatumia oksijeni na kuacha haidrojeni peroksaidi. Ukipima oksijeni iliyopungua au peroksaidi iliyotokea, umejua sukari. Ile mashine ya kutoboa kidole anayotumia bi mkubwa nyumbani ni mjukuu wa wazo hilo.

Tatizo likawa moja: kuipima peroksaidi kwenye elektrodi ya kawaida kunataka volti kubwa, na kwa volti hiyo hata vitamini C na panadol vilivyomo kwenye damu vinatoa umeme. Namba inapanda bure.

Sasa ndiyo wanaingia mastaa wetu. 1991 Sumio Iijima, mtafiti wa kampuni ya NEC huko Japani, alichapisha kwenye jarida la Nature picha za vimrija vya kaboni vyembamba ajabu. Dunia ikapagawa, vikaitwa nanotyubu. Lakini wadau, mwaka 1952 Warusi wawili, Radushkevich na Lukyanovich, walishachapisha picha za vimrija vya kaboni vyenye upana wa kama nanomita 50. Waliandika Kirusi, kwenye jarida la Kisovieti, na wakati wa vita baridi nani wa Magharibi angewasoma? Mla ni mla leo, mla jana kala nini! Mimi ninayewaandikia Kiswahili hapa iliniuma kidogo.

Tuendelee. 1996 Britto, Santhanam na Ajayan walitengeneza elektrodi ya nanotyubu wakapima dopamini, ile molekuli inayopeleka ujumbe kwenye ubongo. Ikafanya kazi vizuri sana. 2002 kundi la Joseph Wang likaonyesha kwamba ukipaka nanotyubu kwenye elektrodi, NADH, molekuli ambayo vimeng'enya vingi huitumia, inapimika kwa volti ndogo. Peroksaidi nayo hivyohivyo. Baada ya hapo ikawa mafuriko ya makala: glukosi, kolesteroli, DNA, kila mtu na nanotyubu zake.

Kisha wakaja watu wa Oxford, Richard Compton na Craig Banks, na swali la kizembe kabisa: je, ni nanotyubu kweli? Wakachukua grafiti ya kawaida, wakaielekeza upande wa kingo zake. 2005 wakaonyesha kuwa inapima NADH kwa uhodari uleule. 2006 wakaja na kubwa zaidi. Nanotyubu nyingi huoteshwa kwa kupitisha gesi yenye kaboni juu ya chembe za chuma, nikeli au kobalti kwenye joto kali. Chembe hizo hubaki ndani, hata ukiziosha kwa asidi. Kumbe kwenye peroksaidi, aliyekuwa akifanya kazi ni oksaidi ya chuma. Uchafu! 2008 wakaonyesha kuwa kuna nanotyubu zilizopima glukosi kwa sababu ya oksaidi ya shaba iliyojificha humo.

Msinielewe vibaya, nanotyubu si bure. Zina eneo kubwa la kushikia vimeng'enya, zinapitisha umeme vizuri, na bado watu wanazitumia kwenye utafiti. Ila uchafu hautoshani. Mzigo huu una chuma kingi, ule kidogo, na kihisi cha leo hakifanani na cha kesho. Kwangu mimi kukosea chuma ni kukosa maksi. Kwa mgonjwa wa sukari, namba ya uongo ni dozi ya insulini isiyo sahihi. Nilimfikiria bi mkubwa na kidole chake kila asubuhi, nikaona ile kalamu nyekundu ilikuwa na haki.

Tena dawa yenyewe ilikuwa rahisi: pima na kile unachodhani hakina kazi, uone. Grafiti tupu. Chuma kitupu. Maji matupu.

Basi nisiwachoshe. Jumatatu narudia jaribio langu, safari hii chupa ya kwanza ni ya maji safi. Aliyeazima kalkuleta yangu ailete kabla sijamtaja jina hapa. Usiku mwema.