Mvuke wa Petroli na Majina Yake

Kijiji cha Kifaru kiko katika tambarare iliyo chini ya Milima ya Upare, kando ya barabara kuu itokayo Same kwenda Moshi. Jina lake latukumbusha kisa kimoja cha istilahi. Waingereza walipokuwa wakiunda kwa siri gari lao jipya la kivita mwaka 1915, walilipa jina la chombo cha kuwekea maji ili adui asitambue ni kitu gani. Kiswahili hakikuwa na siri ya kutunza, nacho kikaliita gari hilo kifaru. Hivyo neno moja la Kiingereza limekuwa maneno mawili kwetu: askari ana kifaru chake na dereva ana tangi lake. Hapo mfasiri hana shida. Shida humpata tangi linapojazwa, kwa kuwa kile kitokacho mdomoni mwake wakati huo hakijapata jina ambalo sote tumelikubali.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe. Tangi la gari lililokwisha mafuta si tupu. Limejaa hewa iliyochanganyika na petroli iliyogeuka kuwa mvuke. Petroli inapoingia, mchanganyiko huo husukumwa nje, takriban lita moja kwa kila lita iingiayo. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani limekadiria kwamba, pasipo kifaa cha kuuzuia, mvuke upoteao kwa njia hiyo ni kama gramu 1.3 kwa kila lita. Gari lililotiwa lita 40 limetoa hewani zaidi ya gramu 50. Asimamaye kituoni wakati wa jua kali huweza kuona hewa ikitetema kandokando ya mdomo wa tangi, basi. Hakuna wingu wala rangi. Lakini mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini na kutuama katika mitaro na mabonde. Na hushika moto hata ukiwa sehemu mbili tu katika mia ya hewa. Ndani yake mna benzini, ambayo husababisha saratani ya damu.

Sasa tutazame majina. Kabla ya pampu kuenea, petroli na mafuta ya taa vilifika kwetu katika madebe ya galoni 4, mawili katika kila kasha la mbao. Debe lilipotobolewa na kumiminwa, mvuke ulitoka upendavyo wala hapakuwa na aliyeutafutia jina. Debe lenyewe lilipata jina mara moja, na bado ni kipimo cha mahindi sokoni. Petroli, dizeli na pampu vilipata majina. Kituo cha mafuta, ambacho kwa maandishi twakiita hivyo, watu wengi wamekiita sheli kwa kufuata jina la kampuni moja, hata pale ambapo mwenye kituo ni mwingine kabisa. Twaona basi kwamba chochote kilichonunuliwa, kikabebwa au kikapimwa, kilibatizwa bila kusubiri kamati. Mvuke haukuuzwa, nao ukabaki bila jina.

Si mara ya kwanza kwa mvuke kupokonywa nafasi yake. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikapita chini ya Upare na kufika Moshi mwaka 1911, ilileta mashine iendeshwayo kwa nguvu za mvuke. Wananchi waliiita gari la moshi. Walikuwa na haki, maana moshi ndio ulioonekana kutoka mbali. (Mji wa Moshi hauhusiki hapa, ingawa wanafunzi wapenda sana kuuliza.) Lakini tabia hiyo ya kuita kwa moshi kila kitokacho katika mashine imedumu. Tumewahi kusoma tangazo la tahadhari katika kituo kimoja lililowaonya wateja wajihadhari na “moshi wa petroli”. Msomaji wa tangazo kama hilo atatazama huku na huku, asione moshi wowote, na kwa mantiki ya lugha yake atahitimisha kwamba hapana hatari. Tena moshi kwa Mswahili ni dalili kwamba moto umekwisha kuwako. Mvuke wa petroli hutangulia moto.

Kosa la namna hiyo si dogo. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo nchini Kenya, lori la mafuta lililopinduka lililipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 2 Julai 2010 yalitokea hayo hayo Sange, Kivu ya Kusini, nao waliokufa walizidi 200. Tarehe 10 Agosti 2019 ikawa zamu yetu, Msamvu mjini Morogoro, ambako pia tulipoteza zaidi ya watu 100. Mahali pote patatu husemwa Kiswahili. Hatusemi kwamba watu hao waliuawa na upungufu wa istilahi. Umaskini na haraka vina hesabu yao, na marehemu hawastahili kusimangwa. Twasema tu kwamba habari tulizozisoma zilizungumzia mafuta yaliyomwagika na moto uliowaka, na kati ya mawili hayo palikuwa na kitu cha tatu ambacho mwandishi hakuwa na neno la kukitajia.

Baadhi ya wafasiri wamependekeza gesi. Twaona haifai. Tangu gesi asilia ya Songo Songo ilipoanza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, gesi imekuwa nishati inayojitegemea, na yako magari yanayoendeshwa kwa gesi hiyo. Aidha, gesi ya kupikia iliyomo katika mitungi nayo huitwa gesi ya petroli katika hati za kitaalamu. Mtu akiambiwa gesi ya petroli imevuja, atauliza mtungi uko wapi. Wengine wamependekeza fukizo, kwa kuwa lina asili ya Kibantu na lapendeza sikioni. Lakini kufukiza ni kwa ubani na udi. Na kujifukiza, hasa tangu mwaka 2020, kumejulikana nchini kote kuwa ni tiba. Hatuwezi kuita sumu kwa jina la dawa.

Limebaki mvuke. Pingamizi lake ni kwamba watoto hujifunza mvuke kwenye sufuria ya maji yachemkayo, hivyo neno hilo lina joto ndani yake, ilhali petroli hutoa mvuke hata katika ubaridi wa usiku wa milimani. Pingamizi hilo ni la kweli, lakini halitoshi kulitupa neno. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 haikulifungia neno hili katika maji yachemkayo. Ililipa maana pana, jasho la mwili likiwa mojawapo. Ni shule na jiko vilivyoifinya maana hiyo, na shule yaweza kuipanua tena. Kwa hiyo twapendekeza mvuke wa petroli, na katika matangazo ya hadhara iongezwe usioonekana, hata kama mstari utarefuka.

Kuhusu kitendo chenyewe, hapana budi kutenganisha mambo ambayo Kiingereza huyaweka chini ya jina moja. Mbinu hizi zilikuzwa hasa California katika miaka ya 1970. Kwanza palikuwa na mpira wa pili unaoufikisha mvuke wa tangi la chini ya ardhi katika lori linaloshusha mafuta. Kisha ukaja mdomo wa pampu wenye njia mbili, moja ya kupeleka petroli na nyingine ya kufyonza mvuke. Wataalamu huziita hatua ya kwanza na hatua ya pili, na tafsiri zetu zimefuata. Matokeo yake ni kwamba msomaji hudhani ya pili hufanywa baada ya ya kwanza kumalizika, kama hatua za kupika wali. Yafaa tuseme urejeshaji wa mvuke lorini na urejeshaji wa mvuke kwenye pampu, na kila mtu ataelewa mahali panapohusika. Ulaya iliagiza huo wa kwenye pampu kwa mwongozo wa mwaka 2009, nao unadai kwamba angalau asilimia 85 ya mvuke irejeshwe.

Mbinu ya tatu imo ndani ya gari. Marekani iliianza katika magari madogo ya mwaka 1998, na kufikia mwaka 2012 serikali ilikuwa imeridhika kwamba imeenea kiasi cha kuruhusu vifaa vya kwenye pampu viondolewe. Hapa mvuke huingia katika kopo lenye mkaa maalumu na kushikamana na uso wa chembe zake, kama ndege kwenye ulimbo. Kwa hiyo hapa, na hapa tu, twapenda kutumia kunasa: unasaji wa mvuke garini. Kufyonza hakufai, maana mvuke haulowi ndani ya mkaa kama maji ndani ya sifongo. Injini inapowaka, hewa hupitishwa katika kopo na kuubandua mvuke, ukaenda kuchomwa.

Mwalimu wa Upare anao mfano ulio tayari. Ndiva hukusanya maji usiku wakati hakuna anayemwagilia, yakafunguliwa mchana kwenda mashambani. Kopo la mkaa ni ndiva ya mvuke: hupokea gari linapojazwa au linaposimama, na hutoa gari linapokwenda. Hatupendekezi ndiva iwe istilahi ya nchi nzima, lakini darasani Same au Mwanga itafanya kazi kuliko mchoro.

Limesalia jina la kile chuma ambacho mhudumu hukiingiza katika tangi. Hapo juu tumekiita mdomo wa pampu kwa kukosa bora. Wahudumu wa vituo bila shaka wana neno lao, nasi twawaomba wasomaji walio karibu nao watuandikie walilolisikia, pamoja na mahali waliposikia.