Mkarafuu Juu ya Banda la Bibi

Katikati ya masika yaliyopita, mkarafuu uliangukia banda la kupikia la bibi yangu, kijijini karibu na Wete, Pemba. Haikuwa dhoruba ya kutangazwa redioni. Mvua ilinyesha siku nne, udongo ukalainika, ukaja upepo wa alfajiri na mti ukalala. Ulipasua paa la makuti, ukavunja mtungi, na tawi moja likatua pale pale ambapo bibi hukaa akipuliza moto. Alikuwa bado kwenye mswala.

Mimi nasomea shahada ya uzamili ya historia Unguja. Nilivuka kwa boti siku iliyofuata nikidhani kazi ni kutafuta msumeno. Kumbe kazi ya kwanza ilikuwa kujua mti ni wa nani. Pemba, ardhi ni jambo moja na mti ni jambo jingine: shamba laweza kuwa la huyu, na mkarafuu uliosimama ndani yake ukawa wa yule, au wa serikali. Kiwanja cha bibi kinatokana na eka tatu alizopewa babu baada ya Mapinduzi ya 1964, na mti ulikuwa mpakani. Jirani alisema ni wao, wazee wake ndio walioupanda. Alipoulizwa kuhusu banda, akasema upepo ni kazi ya Mungu. Ikabidi tumsubiri sheha.

Wakati wa kusubiri nilikuwa na tarehe moja kichwani, maana ndiyo iliyo mwanzoni mwa tasnifu yangu: 15 Aprili 1872. Siku hiyo tufani iliipiga Unguja, jambo la nadra sana, kwa kuwa vimbunga vya Bahari ya Hindi kwa kawaida hupita kusini zaidi, kuelekea Madagaska na Msumbiji. Bandarini, meli za Sayyid Barghash zilitupwa ufukweni. Mojawapo ilikuwa El Majidi, ambayo miaka michache nyuma iliitwa Shenandoah na ilikuwa meli ya kivita ya Majimbo ya Kusini ya Marekani, upande uliopigania utumwa. (Najua haihusiani sana na karafuu, lakini kila nikiandika habari hii nashindwa kuiacha.) Mashambani, sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja ilianguka; hesabu inayotajwa mara nyingi ni theluthi mbili. Pemba haikuguswa sana.

Vitabu hulimaliza jambo hili haraka: Unguja ilipoteza, Pemba ikapata. Ni kweli. Kabla ya tufani karafuu zilikuwa zimejaa sokoni na bei imeshuka. Baada yake bei ilipanda, na wenye mashamba wa Pemba wakapanda mikarafuu mingi zaidi. Hadi leo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba. Ila mti ukilala lazima mtu auondoe, na mche wa mkarafuu hungojewa miaka sita hadi minane kabla haujaanza kuchumwa. Kukata magogo, kuchimba mashimo, kupalilia mwaka baada ya mwaka: kazi hiyo ilifanywa na watumwa.

Januari 1873 Sir Bartle Frere alifika kutoka Uingereza kumtaka Barghash akomeshe biashara ya watumwa baharini. Barghash alikataa, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa ile miti iliyoanguka: kwamba tufani imekwisha kuwafilisi watu wake, na kuwanyima watumwa kutawamaliza. Alitia saini tarehe 5 Juni 1873, baada ya Waingereza kutishia kuifunga bandari kwa manowari. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Lakini majahazi yaliendelea kuvuka kwa siri kuja Pemba, ambako miche ilihitaji mikono, na utumwa wenyewe ulibaki halali visiwani hadi 1897.

Haya yote nilikuwa nayasoma kama habari za bei. Jioni ile bibi alikuwa akiokota mafiga kwenye matope, nami nikamuuliza mti ule uliopandwa mpakani ulipandwa na nani.

"Wazee wetu."

"Wazee wepi, bibi?"

"Wale waliokuja na kusi. Hebu nipokee figa hili, mwanangu."

Hakuongeza neno. Kusi ndio upepo uliokuwa ukiyaleta majahazi kutoka Kilwa, na Kilwa ndiko watumwa wengi walikopakiwa. Miaka miwili nimeandika kuhusu karafuu, na sikuwahi kumuuliza mtu yeyote wa nyumbani swali hilo. Nilipompigia mama simu usiku, aliniambia nisimchokoze bibi.

Jirani naye alikuwa amesema wazee wake ndio walioupanda. Sidhani kama yupo aliyesema uongo. Kitenzi ni kimoja, ila mmoja aliamuru na mwingine akashika jembe, na wote wawili huitwa waliopanda.

Sheha alikuja siku ya tatu. Zanzibar mkarafuu haukatwi bila kibali, na hata uliojilalia unahitaji maelezo, kwa hiyo aliuandika: mkarafuu mmoja, umeanguka kwa upepo. Nikamuuliza kuhusu banda. Akaniangalia, akafunga daftari. Jirani alichukua shina, bibi akabakiwa na matawi. Siku mbili baadaye jirani akaleta mzigo wa makuti na vijana wake wawili, na si yeye wala bibi aliyetamka neno fidia.

Banda liliposimama tulijaribu kupikia yale matawi. Nilitegemea moto utanukia karafuu. Yalikuwa mabichi bado, yakafuka moshi mpaka tukatokwa na machozi. Bibi akacheka, akanituma makumbi ya nazi.