Wayo, Sugu na Mafao

Shangazi yangu alisimama miaka 19 juu ya sakafu ya saruji kiwandani. Siku nilipomsaidia kujaza fomu ya mafao, palipoandikwa "Aina ya ulemavu" alijaza neno moja: mguu. Karani akauliza, "Mguu wapi, mama? Goti?" Shangazi akavua kandambili, akabonyeza chini ya kisigino.

Karani hakukosea. Mguu wetu ni mrefu mno, huanzia nyongani na kuishia kwenye kucha. Lakini tunalo neno wayo, sehemu ile inayokanyaga, na wingi wake, nyayo, ndizo pia alama zibakizo mchangani. Maradhi ya shangazi yako kwenye ukano mpana utokao kisiginoni kwenda vidoleni, na hatua za kwanza za asubuhi ndizo kali kuliko zote. Mwenyewe husema wayo "unawaka moto". Basi tuuite mwako wa ukano wa wayo. Hapo hakuna neno la kigeni, wala atakayeuliza habari za goti.

Daktari naye aliandika "maumivu sugu". Neno hilo lilinisumbua usiku kucha. Kabla ya kuazimwa kwa magonjwa na wahalifu, sugu ni ngozi iliyogeuka ngumu kwa kusuguliwa: kiganja cha mwenye jembe, kipaji cha mwenye kusujudu, kisigino cha mtembea peku. Kazi yake ni kuzuia maumivu. Mwenye sugu hata mwiba hausikii. Tukisema maumivu sugu, nusu ya neno inamnong'oneza afisa kwamba mgonjwa ameshazoea. Shangazi hajazoea. Kila alfajiri hushika ukuta kutoka kitandani hadi mlangoni, akikanyaga kwa ubavu wa mguu kana kwamba sakafu imemwagwa vipande vya chupa.

Wazee walikuwa na njia nyingine. Kidonda kisichopona walikiita donda ndugu, nami husikia humo kidonda kilichoingia kwenye ukoo: kinakula nawe, kinalala nawe, na kukikana huwezi. Kwa nini tusiseme maumivu ndugu? Neno hilo linakiri kwamba hayaondoki, bila kudokeza kwamba hayaumi. Najua wapo watakaopendelea "ya kudumu". Lakini kudumu hufunga mlango wa kupona, na tena sheria imeshalichukua kutenga ulemavu wa kudumu na ule wa muda.

Ulemavu wenyewe tuuguse kwa uangalifu, maana umetufikisha mbali. Kiwete, kipofu na kiziwi walikaa ngeli moja na kiti na kisu. Mlemavu akaingia ngeli ya watu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, hapa Tanzania, ikamtanguliza mtu mbele ya hali yake. Hata hivyo kulemaa kumebaki neno la jicho, na wayo wa shangazi haujapinda popote. "Ulemavu fiche" silitaki, kwa sababu ndani ya fiche yumo anayeficha. Ulemavu usioonekana ni refu zaidi, lakini kasoro linaiacha kwa mtazamaji.

Juu kabisa ya fomu ile lilisimama neno MADAI. Gazetini, madai ni maneno ambayo hayajathibitishwa. Dukani, "nakudai" maana yake una deni langu, lete. Afisa asome kwa Kiswahili cha dukani! Mafao yametokana na kufaa, na ya shangazi yametokana na michango iliyokatwa kwenye mshahara wake mwezi baada ya mwezi. Kwa hiyo nilichukia kusikia dirishani "maombi ya msaada". Anayefuata chake haombi.

Neno ninalolipenda kuliko yote nimelikuta miongoni mwa mafao ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi: utengamao, kutoka kutengamaa, kukaa sawa tena. Fidia huziba pengo kwa fedha. Utengamao humrudisha mtu kwenye shughuli zake. Sikiliza kutengamaa kukifuatana na kulemaa, miisho yake inavyoitikiana. Nilimtamkia shangazi palepale kwenye benchi, akalirudia mara mbili polepole.

"Hilo niandikie," akasema.

Fomu haikuwa na nafasi yake. Tuliliandika pembeni, kwa kalamu ya kuazima kwa karani.