Mababu Wasiohesabiwa: Nachingwea, Ruangwa na Watu wa Kale Waliochanganyika Nasi

Ukiuliza habari za mifupa ya kale mkoani Lindi, utatajiwa mjusi. Ni yule wa Tendaguru, aliyechimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, akabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, na sasa amesimama Berlin kwa kimo cha zaidi ya mita 13. Suala la kumrudisha limefika hadi bungeni, naye bado yuko kulekule. Lakini mjusi huyo aliishi miaka milioni 150 iliyopita, kabla hata nyani wa kwanza hajatokea duniani. Habari za mtu wa kale ni nyingine, na kwa watu wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani humo, zimehifadhiwa zaidi mwilini mwao kuliko ardhini.

Mafuvu mashuhuri yametoka mbali na hapo. Kaskazini kuna Olduvai, ambako Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959; kuna Ndutu, ambako Amini Mturi alipata fuvu la zamadamu mwaka 1973; na kuna Ngaloba, huko Laetoli, lilikotoka mwaka 1976 fuvu la mtu anayetukaribia sana, la miaka kama 120,000, ingawa wapo wanaolirudisha nyuma zaidi. Iringa kuna zana za mawe za Isimila. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, katika kilima cha Uraha nchini Malawi, lilipatikana mwaka 1991 taya la miaka takriban milioni 2.4. Mbele yake ni Kabwe, Zambia, ambako wachimba madini walikutana na fuvu lenye nyusi nene kama ukingo mwaka 1921. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2020 vililipa miaka karibu 300,000.

Umri huo ulishtua wengi. Miaka 300,000 iliyopita watu wanaofanana nasi walikwisha kuwako, maana mabaki yao yamechimbwa Jebel Irhoud, Moroko. Afrika ya Kusini, kwa kadiri ya wakati huohuo, aliishi Homo naledi, mfupi, mwenye ubongo mdogo. Basi bara hili lilikuwa na watu wa namna tatu kwa wakati mmoja, pengine zaidi. Je, walipishana tu njiani, au walioana?

Jibu la kwanza la sayansi lilipatikana kwa njia ambayo mzee wa Kimwera angeielewa mara moja. Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao ndio wenyeji wakuu wa wilaya hizi, kwa desturi huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti kumzidi baba. Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson wa Chuo Kikuu cha California walifanya hesabu ya namna hiyo kwa dunia nzima. Walichukua vinasaba vya mitokondria, ambavyo kila mtu huvipata kwa mama yake peke yake, wakavilinganisha kwa watu 147 wa mabara mbalimbali. Njia zote zilirudi kwa mwanamke mmoja aliyeishi, kwa makadirio yao, Afrika miaka kama 200,000 iliyopita. Wengi wakahitimisha kwamba watu walitoka Afrika, wakaenea duniani, na waliowakuta huko wakatoweka bila kuacha mtoto.

Hesabu ilikuwa sahihi. Hitimisho ndilo lililopitiliza. Ukirudi nyuma vizazi kumi, una nafasi 1,024 za mababu na mabibi. Mama wa mama wa mama, hadi mwisho, ni nafasi moja tu. Hizo 1,023 nyingine zina watu, na ukoo wa mama hauwataji.

Waliotajwa baadaye ni Waneandathali, watu wa kale wa Ulaya na Asia. Mwaka 2010 kundi la Svante Pääbo, huko Leipzig, lilisoma jenomu yao kutoka katika mifupa, likakuta kwamba watu wa Ulaya na Asia wana urithi wao, ambao leo hukadiriwa kuwa karibu asilimia 2. Mwaka huohuo kipande cha mfupa wa kidole kutoka pango la Denisova, Siberia, kilifichua kabila jingine zima la watu wa kale, ambalo damu yake ni nyingi kwa wenyeji wa Papua. Na mwaka 2018 ukatangazwa mfupa wa msichana ambaye mama yake alikuwa Mneandathali na baba yake Mdenisova. Pääbo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022. Katika watu wote walio hai waliopimwa, hakuna aliyekutwa na mitokondria ya Kineandathali. Ndiyo maana hesabu ya 1987 haikuweza kuwaona.

Sisi Waafrika tuliwekwa pembeni ya simulizi hii. Tuliambiwa kwamba Mwafrika hana mchanganyiko, na watafiti wakamtumia kama kipimo safi cha kuwapimia wengine. Nadhani huo ulikuwa uvivu wa kisayansi, na haukudumu. Mwaka 2020 Joshua Akey na wenzake wa Princeton walitumia mbinu isiyohitaji kipimo hicho. Katika makundi matano ya Kiafrika, wakiwemo Waluhya wa Webuye, Kenya, walikuta urithi wa Kineandathali wa kama asilimia 0.3. Kwa maelezo yao, sehemu yake ililetwa na watu waliorudi Afrika kutoka Ulaya na Asia.

Njia za kurudi huko zinajulikana hata kwetu. Mtu wa jamii ya wafugaji aliyezikwa Luxmanda, mkoani Manyara, miaka 3,100 iliyopita, alikuwa na zaidi ya theluthi ya nasaba yake kutoka kwa watu wa jamii ya wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati. Pwani, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulisoma mifupa ya makaburi ya miji ya Waswahili, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo, ambazo zote mbili ziko mkoa huuhuu wa Lindi. Ulionyesha kwamba tangu kama mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika. Kwa kuwa kila mwenye asili ya Asia hubeba vipande vya Kineandathali, basi Mneandathali alifika Lindi kwa jahazi. Kutoka Kilwa, njia za misafara ya pembe na watumwa zilikwenda hadi Ziwa Nyasa, na Wayao walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wake wakubwa. Na katika makaburi hayo ya pwani, mitokondria karibu yote ilikuwa ya Kiafrika. Ukoo wa mama ukawa umewasahau wageni tena.

Habari ngumu zaidi ni ya watu wa kale wa Afrika yenyewe. Joto la kwetu huharibu vinasaba upesi. Vya zamani kabisa vilivyokuwa vimesomwa Tanzania kufikia 2022 ni vya mtu wa Mlambalasi, Iringa, wa miaka kama 18,000, na huyo ni mtu kama sisi. Kwa hiyo watafiti huwatafuta watu wa kale ndani ya walio hai, katika vipande vya jenomu vinavyotofautiana na vingine kupita kiasi. Mwaka 2012 kundi la Sarah Tishkoff liliona dalili hizo kwa Wahadzabe na Wasandawe wa Tanzania. Mwaka 2020 watafiti wengine walikadiria kwamba Wayoruba na Wamende wa Afrika Magharibi wamerithi kati ya asilimia 2 na 19 kutoka kwa watu wa kale wasio na jina wala mfupa.

Si wote waliokubali. Mwaka 2023 ulitoka uchambuzi uliosema kwamba hakuna haja ya kudhani kwamba watu hao wa kale walikuwako: makundi mawili au zaidi ya watu wa Afrika yalitengana kidogo na kuzaliana tena na tena kwa mamia ya maelfu ya miaka. Mimi naegemea huko. Watu wanaoachana na kukutana ndiyo desturi ya bara hili. Tena ukubali upande huu au ule, kuchanganyika kupo. Wanabishania tu watengane kiasi gani ndipo waitwe aina nyingine ya binadamu.

Hata hivyo tusidhani kwamba kila waliokutana walizaliana. Mwaka 2017 vilisomwa vinasaba vya wawindaji walioishi Malawi kati ya miaka 8,100 na 2,500 iliyopita. Nasaba yao ilikuwa mchanganyiko wa jamaa za Wasan wa kusini na jamaa za Wahadzabe. Wachewa, Watumbuka, Wangoni na Wayao wa Malawi walipolinganishwa nao, hawakuonekana kuwa na urithi wowote wa wawindaji hao. Watu wa aina yetu kabisa walifutika palepale, huku vipande vya Waneandathali waliotoweka kama miaka 40,000 iliyopita vikiendelea kuishi ndani ya Mluhya. Nao Wayao hao ni ndugu wa Wayao wa Nachingwea.

Je, upande huu wa mto Ruvuma ilikuwa vivyo hivyo? Wa kujibu ni damu ya vijijini. Nachingwea mjini hapafai kuanzia, kwa sababu mpango wa karanga wa Waingereza wa 1947 ulileta vibarua kutoka kila upande, na baada yao wakaja wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, na kambi zao. Ukipima watu sokoni utapata Tanzania nzima na nusu ya Msumbiji. Mtafiti aende Kilimarondo, Mnero, Mbekenyera, akae na wazee. Awaulize ukoo wa mama, ambao watamtajia bila kusita, kisha awaombe na wa baba. Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), wanaotoa vibali vya utafiti wa namna hii, wamwekee sharti moja: majibu yarudishwe vijijini kwa Kiswahili, yasomwe mbele ya waliotoa mate yao kupimwa, kabla hayajachapishwa ng'ambo.