Binti anataka kusomea eksirei: mzazi ajue nini?

Mama, mwanao akikuambia anataka kuwa mtu wa eksirei, anazungumzia kazi ya mtaalamu wa radiografia. Ni yule anayekulaza mezani, anakuambia uvute pumzi na kuizuia, kisha anapiga picha ya kifua au mfupa. Daktari bingwa wa radiolojia, anayesoma picha na kuandika majibu, ana masomo mengine marefu zaidi.

Kwa sisi wa Musoma, Bunda na Butiama, chuo kikuu kinachofikika kwa urahisi ni CUHAS, ambacho wengi tunakiita Chuo cha Bugando, pale Mwanza. MUHAS ya Muhimbili, Dar es Salaam, nayo imefundisha fani hii kwa miaka mingi.

Anza kuangalia Fizikia

Safari hii hukatika mapema kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Shule nyingi humwacha mwanafunzi achague masomo aingiapo kidato cha tatu, na mabinti wengi huiacha Fizikia hapo kwa sababu wameambiwa ni somo la wavulana. Bila Fizikia, Kemia na Baiolojia, mlango wa radiografia umefungwa, hata kama masomo mengine yote amefaulu. Kwa hiyo nenda shuleni ukamwone mwalimu kabla binti hajachagua. Kama shule haina mwalimu wa Fizikia, tafuta wa kumfundisha jioni. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kurudia mtihani.

Baada ya kidato cha nne anaweza kusoma stashahada ya miaka mitatu. Akiendelea kidato cha tano na sita, achukue PCB, kisha aombe shahada. Mwenye stashahada yenye ufaulu mzuri anaweza baadaye kuomba shahada, na kwa familia isiyo na uwezo mkubwa mimi naiona hii kuwa njia nzuri, kwa sababu anaweza kuanza kazi kwanza. Kabla ya kulipa ada popote, hakikisha kozi inatambuliwa: NACTVET kwa stashahada, TCU kwa shahada. Akihitimu atasajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Radiolojia, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2007.

“Mionzi itamzuia kuzaa”

Maneno haya nayasikia sana kliniki, na yamewarudisha nyumbani mabinti wenye akili. Mionzi mingi sana kweli hudhuru, ndiyo maana kazi hii ina sheria. Mpiga picha husimama nyuma ya ukuta wa kinga, huvaa aproni yenye madini ya risasi (si ya bunduki!) anapolazimika kukaa karibu na mgonjwa, na hubeba kifaa kidogo kinachopima mionzi anayopata. Nchini, Tume ya Nguvu za Atomu ndiyo husimamia usalama huu.

Kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Mionzi ya asili, ya ardhini na angani, humpa kila mtu duniani wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka, awe na kazi yoyote. Kinga ikifuatwa, kazi hii haimfanyi mwanamke kuwa tasa. Akipata mimba anatakiwa kumwambia mkuu wake mapema, ili mtoto tumboni asipate zaidi ya milisiveti 1 kwa muda wote uliobaki. Anaweza kuhamishiwa ultrasaundi, ambayo hutumia mawimbi ya sauti na haina mionzi hiyo kabisa.

Ada

Bodi ya Mikopo hukopesha wanafunzi wa shahada, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 baadhi ya kozi za stashahada pia. Uliza kama ya radiografia imo mwaka atakaoomba. Kinachowakwamisha wengi ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, na wewe mlezi unayelea yatima utahitaji cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa vilevile. Kama hakijawahi kutolewa, anza kukifuatilia wilayani mtoto akiwa bado shuleni, maana dirisha la maombi likifunguliwa siku ni chache.