Vimeng'enya na saratani ya kongosho: safari ya miaka mia ya wazo moja

Nyama ikiwa ngumu, mpishi wa Kaloleni, Arusha, huipaka papai bichi lililopondwa, akaiacha kidogo kabla ya kuibandika. Kinachoilainisha ni papaini, kimeng'enya kinachokata protini. Enzi za ukoloni ilikuwa biashara: papai bichi lilichanjwa likiwa mtini, utomvu wake mweupe ukakingwa, ukakaushwa na kusafirishwa ng'ambo. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa duniani.

Sasa, kama kimeng'enya kinalainisha nyama, kitashindwa na uvimbe?

Aliyelivalia njuga swali hilo ni John Beard, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Aliona kwamba seli zinazojenga kondo la nyuma huvamia mji wa mimba mithili ya saratani, kisha hutulia kongosho la kijusi linapoanza kazi. Akahitimisha kuwa tripsini, kimeng'enya cha kongosho, ndiyo inayozizuia, na mwaka 1911 akatoa kitabu. Wagonjwa walidungwa sindano za tripsini, matokeo yakagongana, tiba ikaachwa.

Nchini Marekani wazo lilifufuliwa na daktari wa meno William Kelley, kisha Nicholas Gonzalez wa New York. Mwaka 1999 Gonzalez alitangaza kuwa wagonjwa wake 11 wa saratani ya kongosho waliishi muda mrefu kuliko kawaida. Serikali ikafadhili jaribio Chuo Kikuu cha Columbia, likahusisha wagonjwa 55. Majibu yalitoka 2009: nusu ya waliotumia vimeng'enya walifariki ndani ya miezi 4.3, kwa wenzao wa tibakemikali, ilikuwa miezi 14. Ni kweli wagonjwa walijichagulia tiba, hivyo makundi hayakulingana sawasawa, ila pengo lilikuwa kubwa.

Maabarani nako kuna kinyume cha wazo la Beard: tripsini hugusa kipokezi cha PAR-2 kwenye seli za saratani ya kongosho na kuzichochea zigawanyike.

Leo madaktari huwapa wagonjwa hawa vidonge vya vimeng'enya pamoja na mlo, ili mafuta yasagike na mwili usizidi kukonda. Uvimbe haviuui. Kwa hiyo mwenye macho ya njano, mkojo mweusi na anayekonda bila sababu asijitibu kwa juisi ya papai. Awahi kituo cha afya apewe rufaa ya hospitali ya Mount Meru au KCMC Moshi, kwa sababu upasuaji, wenye tumaini kubwa la kuponya, hufanyika tu kabla ugonjwa haujasambaa.